Bahasha ya Usiku wa Mwisho Melini: Je, Ni Lazima?

Wapo wasafiri wengi wanaoamini kwamba mhudumu wa meza katika meli ya kitalii hapati bakshishi yoyote mpaka abiria amkabidhi bahasha yenye fedha taslimu usiku wa mwisho wa safari. Imani hiyo ina chimbuko lake, kwani kwa miaka mingi ndivyo desturi ilivyokuwa.

Siku hizi kampuni nyingi za meli hizo hutoza bakshishi kwa kila abiria kwa kila siku ya safari, na kuiingiza katika hesabu yake ya melini. Kisha fedha hizo hugawanywa kati ya wahudumu wa chumba cha kulia, wasafishaji wa vyumba, na pengine hata wafanyakazi ambao abiria hawaoni kamwe. Nyingine, hasa za daraja la juu, huijumuisha katika nauli. Bahasha bado hupokelewa kwa shukrani, ila ni nyongeza ya hiari.

Vinywaji huwa na tozo yake ya bakshishi, mara nyingi asilimia 18 hadi 20 ya bei, na hapa ndipo wengi hulipa mara mbili bila kujua: risiti huletwa ikiwa na tozo tayari, na chini yake pana mstari mtupu unaosubiri kujazwa bakshishi nyingine.

Anayetaka kuhakiki asome masharti ya safari kabla ya kulipa, na akishapanda meli aombe taarifa ya hesabu yake mapema, asingojee foleni ndefu ya asubuhi ya kushuka.