Kabla Hujapanda Boti Kwenda Takawiri

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia nyingi za Nakuru, Eldoret na Kisumu huanza kupanga safari ya Mbita, kisha boti hadi Takawiri au Mfangano, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Takawiri ina mchanga mweupe na minazi, na mgeni anaweza kudhani yuko Diani. Lakini hatari zake ni za ziwa, na ile inayowapita wageni wengi haionekani kwa macho: kichocho.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye magugu ya ufuoni, hasa jua likipanda, kuanzia mwendo wa saa nne asubuhi hadi alasiri. Hupenya hata ngozi isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Kwa hiyo mtoto anayecheza kwenye maji ya magotini kando ya magugu hayuko salama, hata kama mama yake anamwona vizuri. Kujifuta kwa taulo hakutoshi. Maji ya kuoga yachemshwe, au yatekwe na kuachwa kwenye pipa safi lililofunikwa kwa saa 48, maana vijidudu hivyo hufa visipompata mtu.

Ukishaingia ziwani, usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo ya kichocho iliyokomaa. Ile michanga huiponyoka. Nenda ukapimwe baada ya wiki sita hadi nane, hata kama huumwi popote. Naomba sana hili lisipuuzwe, kwa sababu kichocho kisichotibiwa hula ini taratibu kwa miaka.

Kuhusu boti, jaketi la kuokoa maisha livaliwe kabla haijasukumwa majini, na kamba zifungwe. La mtoto lijaribiwe hivi: lishike mabegani, ulivute juu. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa mno, atafutiwe jingine. Boti ikijazwa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa nauli. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa imejaza mno na gati lilikuwa karibu kabisa. Zaidi ya watu 200 walifariki.

Safiri asubuhi, kukiwa kumepambazuka. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa radi na mvua kubwa. Nahodha akisema leo hatuondoki, msimbembeleze.

Jioni kaeni mbali na kingo zenye nyasi, viboko hutoka kula.

Mwisho, malaria. Eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini, na mtu aliyekulia Nakuru hana kinga ya kuitegemea. Muone daktari kabla ya safari akushauri kuhusu dawa za kinga, na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Homa huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kurudi nyumbani. Ikianza, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba ulikuwa ziwani.