Flashi Imewaka, Lakini Hesabu Je?

Kwenye maabara za kompyuta za vyuo vyetu, ukiletewa flashi yenye mfumo wa hisabati, sifa ya kwanza utakayoambiwa ni kwamba "inawaka". Mimi kazi yangu inaanzia hapo. Mandhari nzuri kwenye skrini haijamsaidia mwanafunzi aliyekuja kufanya zoezi la aljebra, na aliyeijaribu flashi hiyo mara nyingi aliishia kufungua menyu, akaona majina ya programu yapo, akaridhika.

Mfumo wa aina hii ni Linux, mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Mafundi wanauita laivu, kwa kuwa hauwekwi kwenye diski ya kompyuta. Unawaka kutoka kwenye flashi, unafanya kazi ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), na ukizima, Windows iliyokuwa kwenye mashine iko vilevile. Aliyeupa umaarufu mtindo huu ni Mjerumani Klaus Knopper, aliyetoa Knoppix mwaka 2000: programu za karibu gigabaiti 2 zilizobanwa zikaingia kwenye CD ya megabaiti 700. Mwaka 2003 wanahisabati wa Japani wakaanza kuujaza zana zao, wakauita KNOPPIX/Math, na DVD zake ziligawiwa kwenye kongamano la kimataifa la wanahisabati lililofanyika Madrid mwaka 2006. Baadaye mradi ukahamia kwenye Debian, toleo jingine la Linux, na kuitwa MathLibre. Ndani unakuta Maxima na Singular (aljebra), GAP (nadharia ya makundi), PARI (nadharia ya namba), Octave (matriksi), R (takwimu), LaTeX (kuchapa hesabu) na nyingine nyingi, zote bila leseni ya kulipia. Kwa chuo ambacho nywila ya kusakinisha programu anayo mtu mmoja, na mtu huyo yuko likizo, faida yake haihitaji maelezo.

Sasa majaribio. Kabla ya yote, faili la ISO, yaani nakala ya mfumo mzima, nalipitisha kwenye `sha256sum`, inayotoa namba ya utambulisho wa faili, na kuilinganisha na ile iliyotolewa na wenye mradi. Halafu flashi yenyewe. Za bei chee zimejaa sokoni zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 wakati zina 8, na ukiandika zaidi ya hapo zinapokea tu kimyakimya, data inapotea. Programu ya F3 inazijaza flashi hizo na kuzisoma upya, uongo unajulikana. Flashi isiyopita hapo siipotezei muda.

QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, naitumia kama chujio la kwanza tu. Kompyuta ya kuigiza ina vifaa ambavyo Linux inavijua vyote, kwa hiyo mfumo ukigoma humo basi ni mbovu kweli, ila ukipita bado hujajua lolote kuhusu kadi ya picha ya mashine iliyoingia nchini kama mtumba. Hivyo naenda kwenye kompyuta kongwe kuliko zote za maabara, yenye BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoiwasha mashine) na RAM ya gigabaiti 2, kisha kwenye mpya kabisa yenye UEFI, mrithi wa BIOS, na Secure Boot, ulinzi unaokataa mifumo isiyo na saini, ikiwa imewashwa. Za katikati kwa kawaida hazina maneno.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda ile kongwe. Watengenezaji wa programu za hesabu hupenda kasi, na wengine huzijenga kwa maagizo ambayo prosesa mpya tu ndizo zinayaelewa. Mfumo unawaka vizuri, kipanya kinatembea, unafungua programu, inakufa papo hapo na kuacha maneno mawili: `Illegal instruction`. Ukiwa umejaribia kompyuta yako ya ofisini pekee, hutayaona kamwe. Wanafunzi ndio watakaoyaona.

Baada ya hapo natoa waya wa intaneti na kuanza hesabu zenyewe. Kwenye PARI naandika `factor(2^67-1)`. Namba hii Frank Nelson Cole aliionyesha mwaka 1903 kuwa si namba tasa, kwa kuzidisha vigawo vyake ubaoni mbele ya wanahisabati wenzake wa Marekani. Jibu ni 193707721 na 761838257287, na hata mashine ya gigabaiti 2 inalitoa kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Nalipenda jaribio hili kwa sababu jibu nalijua kwa kichwa na halina ubishi.

GAP ni mjanja zaidi. `Size(SymmetricGroup(5));` itakupa 120 na utadhani kila kitu kipo. Lakini Debian imeigawa GAP vipande vipande: kiini kivyake, maktaba za data kivyake. Aliyetengeneza flashi akiweka kiini peke yake, makundi ya ulinganifu yatafanya kazi bila shida, ila orodha ya makundi madogo haimo. Ndiyo maana nauliza `NrSmallGroups(64);` na nasubiri 267. Kosa likitokea hapo, flashi inarudi kwa mwenyewe, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo mwalimu wa nadharia ya makundi atauliza wiki ya kwanza.

Kwenye Octave nataka nionywe. Naandika `inv(hilb(12))`, yaani kinyume cha matriksi ya Hilbert; kinyume chake halisi kina namba nzima tupu, ambazo `invhilb(12)` inazitoa kwa fomula. Kwa njia ya kawaida, usahihi wa tarakimu 16 hautoshi, na Octave inapaswa kusema kwamba matriksi iko kwenye ukingo wa kutokuwa na kinyume. Maxima nayo naipa `integrate(x^n, x)`. Haijibu, inauliza kwanza kama n ni sawa na −1, na ina haki. Kwenye wxMaxima, Maxima yenye madirisha, swali hilo linapita kati ya programu mbili zinazoongea kwa mtandao wa ndani ya mashine yenyewe. Mtandao huo ukiwa umefungwa na ulinzi uliowekwa kwa pupa, dirisha linafunguka na kubaki kimya. LaTeX naipa ukurasa mmoja wenye `amsmath` ya fomula na `tikz` ya michoro, basi.

Nikipata toleo la Kijerumani la Knoppix, kitu cha kwanza naandika `lang=en` linapowaka. Kibodi ya Kijerumani inabadilishana y na z, na mabano yanahamia kwenye 8 na 9. Jaribu kufundisha milinganyo ya x, y na z kwa kibodi hiyo halafu unisimulie.

RAM ndiyo inayosumbua watu zaidi. Kwa kuwa kila unachohifadhi kinaingia kwenye RAM hiyohiyo, na kwa kawaida nafasi hiyo haizidi nusu yake, kompyuta ya gigabaiti 2 inabanwa pande mbili. Matriksi ya Octave ya 10,000 kwa 10,000 inakula megabaiti 800. Ihifadhi kama faili, ni 800 nyingine au zaidi. Mashine inaganda, na hakuna diski ya kuiokoa. Kwa upande mwingine, mashine yenye RAM ya kutosha naiwasha kwa neno `toram`: mfumo wote unanakiliwa kwenye RAM, nachomoa flashi na kwenda kuwasha ya jirani. Flashi moja inatosha chumba kizima.

Kazi za wanafunzi je? Debian inaruhusu sehemu ya flashi iliyopewa jina `persistence`, yenye faili `persistence.conf` lenye mstari `/ union`, na yote yanabaki. Naijaribu kwa kuchomoa waya wa umeme katikati ya kuhifadhi, kwani hilo litatokea tu. Ila kwa darasa siipendi. Mwanafunzi mmoja akiharibu mpangilio, anayefuata anaurithi. Mfumo uwe msafi kila unapowaka, na kila mtu aje na flashi yake ya kuhifadhia.

La mwisho ni saa, ambalo hakuna anayelitarajia. Windows huweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya hapa, Linux huiona kama UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Ukiunganisha intaneti, Linux inaweza kuirekebisha saa hiyo, na kesho yake mhasibu anawasha Windows anakuta kompyuta iko nyuma saa 3, kisha anakuja kuuliza nani ameichezea. Kwa hiyo kwenye mstari wa kuwashia naongeza `timezone=Africa/Dar_es_Salaam utc=no`, naangalia saa ya Windows kabla na baada, ndipo naanza kunakili flashi za darasa.