Kanisa la Kale Likipewa Kazi Mpya

Watu wakikabidhiwa kanisa la zamani lililokosa waumini, swali lao la kwanza huwa: tuweke nini humu? Maktaba? Ukumbi? Zahanati? Sisi wa uhifadhi wa majengo tunaanzia upande wa pili: jengo lenyewe linakubali nini?

Kabla ya yote kuna ruhusa. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu askofu kulitoa kanisa lisilofaa tena kwa ibada litumike kwa shughuli za kawaida, mradi zisiwe za aibu. Duka la vitabu halina shida. Wenye wazo la klabu ya usiku wajiandae kwa mazungumzo marefu.

Duka la vitabu nimelitaja kwa makusudi. Mjini Maastricht, Uholanzi, kuna kanisa la Wadominiko, shirika la watawa wa Kikatoliki, lililotabarukiwa mwaka 1294. Jeshi la Ufaransa liliuteka mji huo mwaka 1794, na ibada zikakoma. Tangu hapo jengo lilifanyiwa kila kitu, hata kuegeshea baiskeli, hadi lilipogeuzwa duka la vitabu mwaka 2006. Tatizo la wasanifu, Merkx+Girod, lilikuwa nafasi: sakafu haikutosha rafu zilizotakiwa. Njia rahisi ingekuwa kumwaga sakafu za zege kati ya nguzo. Wao wakasimamisha kiunzi cha chuma cha ghorofa kadhaa, chenye rafu na ngazi ndani yake, upande mmoja tu wa kanisa. Kinajitegemea, hakikuegemezwa ukutani wala kwenye nguzo. Ukipanda hadi juu, michoro ya kale ya dari iliyokuwa ikionekana kwa mbali sasa iko karibu na uso wako. Upande wa pili umeachwa wazi, kwa hiyo anayeingia bado anainua macho. Na siku duka likihama, kiunzi kitafunguliwa kipande kwa kipande, na kanisa litabaki kanisa.

Kanisa la All Souls huko Bolton, Uingereza, lililogeuzwa kituo cha jamii, lilifuata fikra hiyohiyo: vyumba vipya vimejengwa ndani ya ukumbi kama nyumba ndogo zilizosimama peke yake. Katika nchi za baridi, mpango wa namna hii una faida nyingine. Hewa ya moto hupanda, na kulipasha joto kanisa zima ni kulipia joto la kupasha dari. Ukiwa na chumba kidogo ndani yake, unakipasha hicho tu, na joto linawatosha waliomo.

Makosa ninayokutana nayo zaidi hayana fahari yoyote. Fundi anapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka, saruji huuzuia. Maji yanabaki ndani, chumvi inajitokeza, rangi inabambuka na jiwe linaanza kumung'unyuka. Mwenye jengo anaongeza saruji.

Halafu choo. Makanisa mengi ya kale hayakuwa nacho, na chini ya sakafu mara nyingi mna makaburi. Mtaro wa bomba usichimbwe kabla mwanaakiolojia hajapakagua. Mara nyingi ni nafuu kujenga choo nje, ubavuni, kuliko kuipasua sakafu.