Kabla Hujaniambia Tope Lina Sumu

Nimetumiwa tena lile jedwali. Safari hii limekuja kwenye kundi la WhatsApp, picha ya ukurasa mmoja wa ripoti ya tathmini ya mazingira: kushoto majina ya metali, katikati majibu ya maabara ya tope la pwani, kulia safu iliyoandikwa "kiwango", na kila palipozidi kisanduku kimepakwa rangi nyekundu. Chini yake mtu kaandika: "Wataalamu mko wapi?" Tupo. Tumechoka tu.

Kiwango cha nani? Hilo jedwali halisemi, ila anayeijua kazi hii anazitambua namba hizo hata usingizini. Nikeli 20.9. Shaba 34. Risasi 46.7. Zinki 150. Zote miligramu kwa kilo ya tope kavu. Zimetoka Marekani, kwenye kazi ya Edward Long na wenzake iliyochapishwa 1995, na tangu hapo zimenakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti mpaka watu wanadhani ni sheria. Walichofanya wale mabwana ni hiki: walikusanya tafiti za mashapo ya pwani, yaani tope na mchanga uliotulia chini ya maji, karibu zote za Amerika Kaskazini, wakachukua zile ambazo metali ilikutwa mahali ambapo viumbe walionekana kudhurika, wakazipanga kutoka ukolezi mdogo kwenda mkubwa. Palipotimia asilimia 10 wakaweka alama ya chini, iitwayo ERL. Palipotimia nusu wakaweka alama ya kati, ERM. Hakuna aliyemfungia mnyoo kwenye nikeli tupu akamwona anakufa ilipofika 20.9. Tope la bandarini lenye nikeli lina pia mafuta, lina shaba, lina uchafu wa kila aina. Kiumbe akifa, metali zote zilizokuwepo zinaandikiwa kesi. Na wenyewe walisema kwamba alama hizo ni za kuelekeza macho, si za kumfikishia mtu mahakamani.

Nikeli ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote, kwa hiyo mniwie radhi, hapa nitakaa kidogo.

Miamba ya tope lililoganda kuwa jiwe, ile ambayo wanajiolojia huitumia kama kipimo cha ardhi ya kawaida, ina wastani wa nikeli 68. Takwimu hiyo ni ya Turekian na Wedepohl, 1961. Alama ya kati ya nikeli ni 51.6. Maana yake, jiwe lililolala chini tangu kabla binadamu hajawasha moto, ukilisaga na kulipeleka maabara, linarudi na kisanduku chekundu. Kromi ni vivyo hivyo, jiwe lina 90 na alama ya chini ni 81. Shaba, 45 kwa 34. Na katika takwimu zao wenyewe Long na wenzake, tope lililovuka alama ya kati ya nikeli lilikutwa na madhara kwa chini ya sampuli moja kati ya tano. Halafu mtu anaichukua namba hiyo, anaipeleka kwenye mlango wa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, anatangaza kwamba viwanda vimemwaga nikeli. Inawezekana vimemwaga. Lakini jedwali lake halijaonyesha hivyo, limeonyesha tu kwamba milima ina nikeli na mvua inanyesha.

Ukitaka kucheka zaidi, chukua tope lenye shaba 40. Kanada, ambako alama ya chini ni 18.7, limefeli. Marekani, kwa 34, limefeli. Australia, ambao 2000 waliazima namba nyingi za Marekani lakini shaba wakaipandisha hadi 65, limefaulu. Tope ni lile lile.

Kuna suala la ukubwa wa chembe, ambalo sitalirefusha kwa sababu limeandikwa kila mahali na bado halifuatwi. Metali hung'ang'ania chembe laini, zile za chini ya maikromita 63. Mchanga wa Coco Beach na tope la mikoko pale daraja la Salenda, mlangoni mwa Msimbazi, haviwezi kulinganishwa uso kwa uso, hata kama ni jirani. Gawanya kwa alumini, ambayo hufuata wingi wa chembe laini, au chekecha kwanza. Ripoti isiyo na alumini wala ukubwa wa chembe mimi naisoma hadi ukurasa wa jedwali, basi.

Sasa twende Salenda maji yakiwa yamekupwa, siku ya bamvua, pua zikiwa wazi. Chimba kwa mkono. Juu kuna ngozi ya kahawia, nyembamba kiasi kwamba kidole kinaipasua bila kuisikia. Chini yake tope ni jeusi tii na linanuka mayai viza. Mpita njia akilisikia anasema hiyo ndiyo sumu yenyewe. Kwa upande wa metali, mara nyingi ni kinyume chake. Weusi ule ni salfaidi ya chuma. Shaba, risasi, zinki, kadimi na nikeli zikifika hapo humsukuma chuma pembeni na kukamatana na salfaidi, na zikishakamatwa haziyeyuki kwenye maji yaliyo kati ya chembe, ambayo ndiyo njia kuu ya kumfikia kiumbe. Maabara yenyewe huchemsha tope kwenye asidi kali mpaka kila kitu kiachie. Hakuna mnyoo mwenye tumbo la namna hiyo. Kwa hiyo jibu la maabara ni jumla ya metali iliyopo, si metali inayopatikana, na tofauti hiyo ndiyo kazi yetu nzima.

Msinielewe vibaya, hilo si cheti cha usafi. Lete mtambo wa kuchimba kina, tope jeusi liibuke lipigwe na oksijeni, salfaidi inaungua na metali inaachiwa. Na hata bila mtambo, kaa na minyoo huvuta maji yenye hewa ndani ya mashimo yao, na wengine wanakula tope lenyewe. Vitabu hukupa kanuni ya kutoa salfaidi kwenye metali, ikibaki chini ya sifuri ulale salama. Mimi kwa tope la mikoko silali. Kanuni hiyo inakuambia vizuri wapi hakuna madhara ya metali. Wapi yapo, inabahatisha.

California walipitia haya yote. Sheria ya kuwataka waweke viwango vya mashapo kwa ghuba na milango ya mito ni ya 1989. Viwango vilipitishwa 2008. Piga hesabu. Na walichokuja nacho hakikuwa namba. Kila kituo kinahojiwa kwa njia tatu: kemia ya tope, jaribio la sumu kwa viumbe hai, na hesabu ya jamii ya viumbe wanaoishi humo. Kemia na sumu kwa pamoja zinajibu kama madhara yanaweza kuwa ya kikemikali. Sumu na jamii ya viumbe zinajibu madhara ni makubwa kiasi gani. Halafu majibu hayo mawili yanakutanishwa, na kituo kinapangwa kwenye daraja, kuanzia "hakijaathirika" hadi "kimeathirika bila shaka", na kipo kifungu cha vituo ambavyo ushahidi wake haushikamani. Nakipenda kifungu hicho. Ni watu wachache serikalini wanaothubutu kuandika kwenye fomu kwamba hatujui.

Faida yake iko pande zote mbili, na hapa nawageukia wale wanaoshangilia jedwali likiwa la kijani. Orodha ya alama za 1995 haina TBT, ile dawa ya rangi za meli iliyogeuza konokono jike wakaota viungo vya kiume. Haina dawa za wadudu za jamii ya pareto, ambazo huko huko California zimekutwa zikiua amfipodi, vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, kwenye tope ambalo metali zake hazitishi. Kijani kinamaanisha ulichopima hakikuzidi. Basi.

Samaki wa kuliwa ni hesabu nyingine kabisa, ya zebaki na PCB, kemikali za viwandani zisizooza upesi, kupanda kutoka tumbo hadi tumbo, na usiiamue kwa jedwali hili.

Kwa nini basi tusichukue mfumo wa California kama ulivyo? Kwa sababu hata wao hawakuweza kuutumia kama ulivyo katika jimbo lao lote. Viashiria vyao vya jamii ya viumbe vilisimama kwenye ghuba za kusini na sehemu yenye chumvi nyingi ya San Francisco. Milango mingine ya mito ikatafutiwa njia nyingine. Amfipodi wao wa jaribio, Eohaustorius, hukaa siku 10 kwenye tope kwa nyuzi 15. Tope letu linapikwa na jua, lina amonia ya asili ya kutosha kumuua mgeni huyo kabla ya metali kuanza kazi. Tunahitaji kiumbe wa hapa, anayefugika, asiyekufa kwenye tope safi zaidi ya mmoja kati ya kumi. Na walipowapa wataalamu waliobobea takwimu zile zile wazipange vituo, utafiti uliochapishwa 2007, hawakukubaliana kwa kila kituo. Huo ndio uwanja tunaoingia.

Kisha kuna swali linaloninyima raha kuliko amfipodi: safi ni wapi? Jamii ya viumbe huhukumiwa kwa kulinganishwa na mahali pasipoguswa. Kwa Mtoni, inapoingia mito ya Kizinga na Mzinga, wengi hukimbilia Ras Dege, upande wa Kigamboni. Ni mikoko, ni jirani, mji haujaimeza. Ila haipokei mito ya namna ile, na kiumbe anaweza kukosekana Mtoni kwa sababu ya maji yasiyo na chumvi ya masika tu, bila kosa la kiwanda chochote. Kwa metali nina imani zaidi na kushusha bomba la kuchotea tabaka kwenye tope la pale pale mpaka tabaka la kabla ya viwanda, nikeli ya chini ikawa ndiyo kipimo cha nikeli ya juu. Msimbazi yenyewe siiamini hata kwa hilo; mafuriko yake yanapindua tabaka. Kwa Mtoni ningeanza na bomba hilo, sampuli za juu zichotwe kwenye sentimita 5 tu, alumini ipimwe kila mara, na vifo vya viumbe vihesabiwe kabla mtu hajafungua kopo la rangi nyekundu.