Ukibadilishiwa simu ukapewa toleo jipya, unapata nini hasa?

Simu ya shangazi yangu wa Muheza iligoma kuchaji ikiwa bado ndani ya waranti. Akaipeleka dukani Tanga mjini. Pale kaunta wakamwambia toleo lile halizalishwi tena, kwa hiyo watampa toleo jipya, tena zuri zaidi. Akarudi nyumbani na furaha yake. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akanipigia: "Mwanangu, hii simu redio yake iko wapi?"

Nilipofika kwake mwisho wa wiki niliigeuza ile simu juu na chini. Haikuwa na tundu la hedifoni. Redio ya FM ya kwenye simu hutumia waya wa hedifoni kama antena, hivyo watengenezaji walipoanza kuziba lile tundu, redio nayo mara nyingi iliondoka. Shangazi husikiliza taarifa ya habari kila alfajiri akiwa anawasha jiko, na hajawahi kuilipia bando. Kijana wa mjini anayesikiliza kila kitu kwa intaneti asingejua kama kuna kilichotoka. Kwa shangazi, simu mpya ilikuwa imepungua.

Neno "toleo jipya" linasemwa haraka sana kaunta, na mteja huondoka nalo bila kujua limebeba nini. Kuna mambo matatu yanayochanganywa hapo. Simu mpya ni ile ambayo haijatumiwa na mtu, hata kama muundo wake ni wa miaka mitatu iliyopita. Toleo jipya ni muundo mwingine kabisa uliotoka baada ya ule wako: kioo kingine, prosesa nyingine, kamera nyingine, hata umbo lingine, ingawa jina linafanana. Programu mpya ni mfumo wa ndani, kama Android, ambao unaweza kusasishwa hata kwenye simu yako ya zamani. Unaweza kupewa simu ya toleo jipya ambayo si mpya, maana ilirudishwa na mteja mwingine ikatengenezwa kiwandani. Wakikuambia "ni mpya", uliza ni mpya kwa maana ipi.

Kwa nini wasikupe ile ile? Sababu yake ni ya kawaida. Kampuni za simu hutoa toleo karibu kila mwaka, na la zamani huacha kuzalishwa. Stoo ikiisha, mwenye duka hutafuta simu ya daraja lile lile la bei. Analinganisha bei na jina la familia ya simu, wala halinganishi matumizi yako. Hapo ndipo pengo linapotokea, hata pasipo nia mbaya ya mtu yeyote.

Tuchukue mfano wa simu zinazoonekana sana mikononi mwa watu wetu, familia ya Galaxy A ya Samsung. A14 ilitoka mwaka 2023 na A16 ikatoka mwishoni mwa 2024. Mtu wa A14 akipewa A16 ataona mambo ya kufurahisha mara moja. Kioo cha A14 ni cha LCD, cha A16 ni cha AMOLED, ambacho rangi zake zimekolea na weusi wake ni weusi kweli. A14 inachaji kwa wati 15, A16 kwa wati 25. A16 pia imeahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama, na hilo kwa simu ya bei ile ni jambo kubwa. Ila hesabu ya miaka hiyo huanza pale simu ilipoingia sokoni, haiisubiri siku uliyokabidhiwa wewe.

Sasa geuza upande wa pili. A16 haina tundu la hedifoni, A14 inalo. Trei ya A16 ina nafasi ya laini moja, na nafasi ya pili ni ya kugombaniwa: uweke laini ya pili au memori kadi. Katika nchi ambako mtu anaweka laini moja kwa bando, nyingine kwa kutuma na kupokea pesa, na kadi ya tatu imejaa picha za harusi na kaswida, huo ni uamuzi mzito. Kioo cha AMOLED nacho kikipasuka, kwa kawaida fundi atakutajia bei ya juu kuliko ya LCD. Kava na protekta vya zamani havitaingia, kwa sababu bodi ya A16 ni fupi na nyembamba zaidi ingawa kioo chake ni kikubwa kidogo.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. A14 na A16 zote zilitoka za aina mbili, ya 4G na ya 5G, na kwa mbali zinafanana. Mwenye A14 ya 5G anaweza kupewa A16 ya 4G, akaambiwa amepandishwa toleo. Kwa mwaka amepanda, kwa mtandao ameshuka. Cha kuangalia ni namba ya modeli: A16 ya 4G huanza na SM-A165, ya 5G ni SM-A166. Namba hiyo iko kwenye boksi na kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa kuhusu simu. Mimi naiamini kuliko jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Hapo hapo angalia ujazo, GB ngapi za hifadhi na GB ngapi za RAM (kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi), usije ukatoka na GB 128 ukarudi na GB 64.

Kwa wenye iPhone mabadiliko yako sehemu nyingine. Tundu la hedifoni liliondoka zamani, mwaka 2016 kwenye iPhone 7. Mwaka 2020, kuanzia iPhone 12, chaja ikaacha kuwekwa kwenye boksi, ukabaki waya peke yake. Mwaka 2023 iPhone 15 ikaacha ile njia ya chaja ya Lightning na kuchukua USB-C, kwa hiyo nyaya zote za zamani nyumbani zikawa za kazi nyingine.

La muhimu zaidi kwetu ni trei ya laini. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia 2022 hazina trei kabisa, zinatumia eSIM, yaani laini isiyoshikika ambayo huingizwa kwenye simu kwa kuskani msimbo. Mwaka 2025 iPhone 17 zilifuata njia hiyo hata Oman, Falme za Kiarabu, Saudia na Qatar. Mwenye ndugu Muscat au Dubai anayemletea simu badala ya ile iliyoharibika ajue hilo kabla mzigo haujapanda ndege. Kile kilaini chake cha plastiki hakina pa kuingia, itabidi kwanza aende kwa mtandao wake aulize kama watambadilishia kuwa eSIM.

Baada ya umbo, kinachowasumbua watu ni vidole. Mkono umezoea. Android 10 ya mwaka 2019 ilileta utaratibu wa kutelezesha kidole kutoka chini ya kioo badala ya vile vitufe vitatu vya kurudi, nyumbani na programu zilizofunguliwa. Simu mpya ikija na utaratibu huo mzee hudhani imeharibika, kwa sababu hakuna pa kubonyeza. Vitufe bado vipo, vinarudishwa kwenye mipangilio kwa dakika moja. Simu nyingi za Samsung za sasa pia, ukishikilia kitufe cha pembeni haizimi, inamwita msaidizi wa sauti. Kuzima unashikilia kitufe hicho pamoja na cha kupunguza sauti. Shangazi alikaa siku mbili bila kuizima simu, akiogopa kwamba ameibonyeza vibaya.

Kilicho chako kwenye simu kinakaa sehemu tatu, na ukizijua hofu yote ya kubadilishiwa simu inapungua.

Sehemu ya kwanza ni laini. Namba yako iko huko, na menyu ya kutuma pesa inaifuata laini hiyo. Hela zenyewe hazimo kwenye simu wala kwenye kile kiplastiki, ziko kwenye akaunti yako katika mitambo ya kampuni, zimefungwa kwa namba na namba ya siri. Ndiyo maana ukihamisha laini, ukapiga *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania au *334# kwa ile ya Kenya, salio liko pale pale. Shangazi alikuwa karibu kulia akidhani pesa za kikoba zimebaki kwenye simu iliyochukuliwa dukani. Hazikuwa zimeenda popote. Programu ya pesa uliyopakua, ile yenye alama kwenye kioo, itakutaka ujisajili upya kwa sababu inatambua kwamba simu imebadilika, na hilo ni jambo jema.

Sehemu ya pili ni akaunti, kwa wengi ni ya Google. Majina ya watu yaliyohifadhiwa kwenye akaunti yatarudi yenyewe ukiingiza barua pepe na nywila. Yaliyohifadhiwa "kwenye simu" tu hayarudi. Picha ni vivyo hivyo.

Sehemu ya tatu ni mwili wa simu wenyewe, na hapa ndipo watu wanapoteza vitu. WhatsApp inachanganya sehemu hizi. Akaunti yake inafuata namba, kwa hiyo utaingia na magrupu yako utayakuta. Mazungumzo ya zamani yako ndani ya simu, na yanahama kwa njia mbili: kupitia bakapu, yaani nakala ya akiba, iliyokwenda kwenye akaunti ya Google (au iCloud kwa iPhone), ama kwa kuhamisha simu kwa simu, zote zikiwa zimewaka. Simu iliyokufa kabisa bila bakapu inakwenda na mazungumzo yake. Simu ikianza kuleta dalili, hata kabla hujaenda dukani, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uiambie ifanye bakapu. Ni dakika chache ukiwa na Wi-Fi.

Na kabla ya kuikabidhi ile ya zamani, kama inawaka, toa akaunti yako kisha ufute kila kitu. Simu za Android zina kufuli linaloibana simu kwa akaunti ya mwenyewe hata ikifutwa, na kufuli hilo huweza kurefusha safari yako ya waranti kwa wiki nzima ya kuitwa na kurudi. Ikiwa haiwaki, toa laini na memori kadi kwa mkono wako mwenyewe. Usimwachie mtu wa kaunta akutolee.

Simu mbadala ina IMEI nyingine, ile namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Ikiwa ni ya laini mbili itakuwa na IMEI mbili. Piga *#06# pale pale dukani, uzilinganishe na zilizo kwenye boksi, kisha uhakikishe zimeandikwa kwenye risiti au kadi ya waranti badala ya zile za zamani. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakirudi na simu mbadala iliyoharibika nayo, wakakataliwa kwa kuwa karatasi inataja simu ambayo hawanayo tena. Kwa Tanzania kuna sababu nyingine: mwezi Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizo hizo. Uliza pia waranti inahesabiwa kuanzia lini. Mara nyingi inaendelea ile ya mwanzo, miezi iliyobaki tu. Jibu lolote watakalotoa, liandikwe.

Je, unaweza kukataa? Uliza. Unaposema "nataka kama ile ile" hutapewa, haipo. Unaposema "natumia laini mbili na memori kadi, na nahitaji tundu la hedifoni" umempa muuzaji kitu cha kutafuta, na mara nyingine kwenye rafu yake kuna simu ya familia nyingine inayokidhi haja. Shangazi hakuulizwa, naye hakujua kwamba inafaa kusema.

Ile Jumapili tulikaa barazani tukapanga. Kaswida zake zote nilizihamishia kwenye hifadhi ya simu, maana ujazo ulikuwa mkubwa kuliko wa mwanzo na nafasi ilitosha, ile kadi ikafungwa kwenye pindo la khanga ikawekwa kabatini. Laini zote mbili zikaingia. Vitufe vitatu nikavirudisha chini ya kioo. Akaitazama picha ya mjukuu wake kwenye kioo kipya, akaikuza kwa vidole viwili mpaka kope zikaonekana, akanyamaza muda. Kwa upande wa redio, alishuka sokoni Jumatatu akanunua ndogo ya betri, na sasa imetundikwa kwenye msumari karibu na jiko.