Ulikaji wa vipandikizi: metali inayowekwa mwilini ili iishe

Aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda akawekewa vyuma analijua swali linalomsubiri mfupa ukishaunga: vitolewe au vibaki? Kuvitoa ni kupasuliwa tena na kulipa tena. Kuviacha ni kuishi na titani au chuma cha pua ambacho hakina kazi tena. Iko njia ya tatu, nayo ni kutumia metali ambayo majimaji ya mwili yataila kidogo kidogo mpaka isiwepo. Kuliwa huko ndiko kunakoitwa ulikaji.

Neno lenyewe tulishike vizuri, maana watu husema vipandikizi hivi "vinayeyuka". Haviyeyuki. Magnesiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 650, na mwili una 37. Wala haviozi, kwa kuwa hakuna bakteria anayevitafuna. Hata zile nyuzi za kushonea kidonda tunazoziita za kuyeyuka zina njia yake nyingine: maji hukata minyororo mirefu ya molekuli zake. Metali inalika, vilevile bati la nyumba iliyo karibu na bahari linavyolika. Atomu huachia elektroni, hugeuka ioni, yaani atomu yenye chaji ya umeme, kisha hung'oka mahali pake.

Ukiutazama mwili kwa jicho la metali, ni pwani tupu. Majimaji yake yana chumvi karibu asilimia 0.9, kama robo ya chumvi ya bahari, yana oksijeni, yana joto lisilopungua usiku wala mchana, na hayakauki. Chuma cha pua na titani huvumilia humo kwa sababu juu yao hujitanda ngozi nyembamba sana ya oksaidi inayozuia maji kufika ndani. Metali za kulika ama hazina ngozi hiyo, ama zinayo ila chumvi huitoboa.

Zinazozungumzwa zaidi ni tatu: magnesiamu, chuma na zinki. Si bahati. Zote mwili unazijua, unazipata kwenye chakula na unazitumia. Mtu mzima ana magnesiamu kama gramu 25 hivi, zaidi ya nusu yake ikiwa mifupani, na kila siku anahitaji miligramu 300 hadi 400. Kwa hiyo skrubu ndogo yenye robo gramu, ikiisha kwa mwaka mzima, inaongeza chini ya miligramu moja kwa siku. Figo zenye afya haziwezi hata kustuka.

Magnesiamu ndiyo iliyofika mbali zaidi hospitalini, kwa hiyo tukae nayo. Ikikutana na maji hutoa vitu viwili: unga mweupe wa haidroksaidi ya magnesiamu, na gesi ya haidrojeni. Unga huo si mgeni kwako kama umewahi kunywa maziwa ya magnesia kutuliza kiungulia. Ni kitu kilekile. Ukitanda juu ya skrubu, hupunguza kasi ya ulikaji. Lakini ioni za kloraidi kutoka kwenye chumvi huugeuza kuwa kloraidi ya magnesiamu, ambayo hutoweka majini, na metali inabaki uchi tena. Wakati huohuo kalisi na fosfati za mwilini hujipanga juu yake na kuweka ganda jipya, na protini nazo huja kugandia. Kasi ya ulikaji ni matokeo ya mvutano huo. Ndiyo sababu kipande kilichotumbukizwa kwenye maji ya chumvi maabara mara nyingi hulika haraka kuliko pacha wake aliye ndani ya mfupa, na namba za maabara peke yake zimeshawapotosha wengi.

Gesi ndiyo iliyoitia magnesiamu doa kwa miongo mingi. Gramu moja ya magnesiamu hutoa takriban lita moja ya haidrojeni. Ikitoka polepole, damu huibeba na mapafu huitoa bila mtu kujua. Ikitoka kwa pupa, hukusanyika chini ya ngozi kama puto. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa upasuaji wa Ubelgiji, Albin Lambotte, alifunga mfupa wa mguu kwa bamba la magnesiamu, akalishikiza kwa misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limesambaratika na gesi imejaa chini ya ngozi. Leo kosa linaonekana wazi: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinafanya betri, na ile iliyo nyepesi kuachia elektroni ndiyo inayoliwa. Mabaharia hutumia kanuni hiyohiyo kwa makusudi wanapofunga vipande vya zinki kwenye meli, zinki iliwe badala ya chuma cha meli. Lambotte aliifanya magnesiamu yake kuwa kafara bila kukusudia.

Betri hiyo inaweza kujificha ndani ya metali yenyewe. Chembe za chuma, nikeli au shaba zilizobaki kwenye magnesiamu wakati wa kuisafisha, hata zikiwa kidogo sana, kila moja hugeuka kibetri kidogo na kuchimba shimo kandokando yake. Mashimo ni mabaya kuliko ulikaji ulioenea sawasawa, kwani skrubu inaweza kukatika ikiwa bado na sehemu kubwa ya uzito wake. Kwa hiyo hatua kubwa ilikuwa ya usafi, kisha aloi, yaani kuichanganya na metali nyingine: magnesiamu yenye itriamu, metali isiyo ya kawaida, na ndugu zake huweka ganda linaloshika vizuri zaidi. Mwaka 2013 skrubu ya aina hiyo kutoka Hannover, Ujerumani, iitwayo MAGNEZIX, ilipata kibali cha Ulaya, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa ya kunyoosha kidole gumba cha mguu kilichopinda. Mwaka 2016 ikafuata stenti ya moyo ya Magmaris, kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa damu uwe wazi, kisha sehemu kubwa yake hulika ndani ya mwaka.

Chuma kina tabia nyingine. Ni imara, hakitoi gesi ya kusumbua, ila ni kizito kuondoka: kwenye majaribio ya wanyama, mwaka ulipita na sehemu kubwa ya stenti ilikuwa bado ipo, na kutu yake imekaa palepale. Zinki iko katikati kwa kasi, na tangu majaribio ya mwaka 2013 kwenye mishipa ya panya imepata mashabiki wengi, nami ni mmojawao. Tatizo lake ni ulaini. Ikiwa peke yake haiwezi kubeba mzigo, lazima ichanganywe na metali nyingine.

Daktari asiyezizoea skrubu hizi anaweza kustushwa na picha ya eksirei. Wiki chache baada ya upasuaji, pembeni mwa skrubu ya magnesiamu huonekana kivuli cheusi, ambacho kwa skrubu ya titani kingemfanya ashuku maambukizi au kulegea. Hapa mara nyingi ni haidrojeni iliyotulia kwenye mfupa, na miezi ikipita mfupa hujaa tena mahali hapo. Anayesoma picha bila kuambiwa ni metali gani iliyowekwa anaweza kuitoa skrubu iliyokuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Kwa paja lililovunjika, bado mgonjwa atapewa titani au chuma cha pua. Mfupa huo hubeba uzito wote wa mwili kwa miezi, na magnesiamu huanza kupungua nguvu tangu siku ya kwanza. Kwa sasa mahali pake ni mifupa midogo ya mguu na mkono, ambayo huunga kwa wiki chache.