Vinu vya nyuklia vikiharibiwa na tetemeko la ardhi: maswali na majibu kwa wasomaji wa Uganda

Serikali yetu inakusudia kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia wilayani Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, na wengi wanaposikia habari hiyo hukumbuka yaliyotokea Fukushima, Japani. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi vinu vilivyoharibika vinavyodhibitiwa, na jinsi afya ya watu wanaoishi jirani navyo inavyolindwa.

Ikiwa kinu hujizima tetemeko linapoanza, hatari inatoka wapi?

Inatoka katika joto linalobaki. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipotikisa mashariki mwa Japani, vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi katika mtambo wa Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe kama vilivyoundwa. Hata hivyo, mabaki ya atomi za urani (fueli ya kinu) zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto, mfano wa makaa yaliyofukiwa jivuni: mwali haupo, lakini ukigusa utaungua. Mara tu baada ya kuzimwa, joto hilo huwa asilimia 6 hadi 7 ya nguvu yote ya kinu. Kwa kinu cha pili cha mtambo ule, hiyo ilikuwa takriban megawati 150 za joto, kiasi kisicho mbali na nguvu ya umeme ya bwawa letu la Isimba, ambayo ni megawati 183. Joto hupungua haraka katika saa za kwanza, kisha hupungua polepole sana, na kwa sababu hiyo maji ya kupoza hayana budi kuendelea kuzunguka muda mrefu baada ya kinu kuzimwa.

Kwa nini basi upozaji ulishindikana Fukushima?

Tetemeko lilikata umeme wa gridi, na jenereta za dizeli zikawaka kama ilivyotarajiwa. Dakika 50 hivi baadaye, wimbi la tsunami lenye kimo cha takriban mita 14 lilifurika eneo la mtambo na kuzamisha karibu jenereta zote pamoja na vifaa vya kugawia umeme. Maji yaliyokuwa ndani ya vinu yalichemka hadi vijiti vya urani vikabaki wazi na kuanza kuyeyuka, huku magamba yake ya zirkoni (aina ya metali) yakimenyuka na mvuke na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ililipua majengo ya kinu cha kwanza, cha tatu na cha nne kati ya tarehe 12 na 15 Machi.

Wafanyakazi waliokuwa gizani waliunganisha betri za magari ili waweze kusoma vipimo, na wakasukuma maji ya bahari ndani ya vinu kwa magari ya zimamoto, wakijua kwamba chumvi ingeviharibu moja kwa moja. Ilibidi pia wafungulie mvuke wenye mionzi utoke nje, kwa kuwa kuuzuia kungeweza kupasua chombo kinachokizingira kinu na kuachia mionzi mingi zaidi. Kiwango cha juu cha mionzi kilichoruhusiwa kwa mfanyakazi wakati wa dharura kilipandishwa kutoka milisiverti 100 hadi 250 (milisiverti ni kizio cha kupimia mionzi anayopata mtu), na sita kati yao walikipita hata hicho. Ili msomaji apime uzito wa takwimu hizo, mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka katika ardhi, anga na chakula. Nawaheshimu sana watu wale.

Mionzi hiyo humfikiaje mtu wa kawaida?

Kwa vumbi analovuta, mvua inayomdondokea, na hasa kwa chakula. Iodini 131, moja ya dutu zenye mionzi zitokazo kinuni, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, hukusanyika katika tezi dundumio iliyoko shingoni, na watoto ndio huathirika zaidi. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, watoto waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa nyasi zenye iodini hiyo, na maelfu ya saratani za tezi zilizogunduliwa baadaye zilihusishwa hasa na maziwa yale. Japani ilizuia maziwa na mboga za maeneo yaliyoathirika siku chache tu baada ya ajali. Sesiamu 137, dutu nyingine ya aina hiyo, ina tabia tofauti: hupungua kwa nusu baada ya miaka 30, na hivyo ndiyo inayoamua ni ardhi gani itakayolimwa tena na ni lini.

Je, nile chumvi nyingi yenye madini joto ili nijikinge?

Hapana. Madini joto (yaani iodini) yaliyomo katika chumvi ni kidogo mno kwa kazi hiyo, na chumvi nyingi hudhuru mwili. Kuna vidonge maalumu vya iodidi ya potasiamu, lakini hukinga tezi dundumio pekee, humezwa tu wakati wataalamu wa afya wanapotangaza, na wanaotangulizwa ni watoto, wajawazito na wanaonyonyesha.

Nikimbie au nikae ndani?

Subiri maelekezo ukiwa ndani, mradi nyumba haikupasuliwa na tetemeko. Funga milango na madirisha, na uzibe kwa nguo matundu ya hewa yaliyo juu ya kuta. Usiingize sigiri ya makaa katika nyumba iliyofungwa hivyo, kwa sababu moshi wake usioonekana unaweza kuiua familia nzima kabla mionzi haijafika. Kuleni chakula kisichohitaji kupikwa. Ondoa bomba linaloingiza maji ya mvua kwenye tangi, funika kisima, na mifugo ilishwe majani yaliyokatwa mapema. Aliyekuwa nje avue nguo za juu mlangoni, azitie katika mfuko na kuufunga, kisha aoge kwa maji na sabuni bila kujisugua kwa nguvu.

Ni watu wangapi waliouawa na mionzi ya Fukushima?

Tetemeko na tsunami viliua au kupoteza watu zaidi ya 18,000. Kuhusu mionzi, kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari zake haijathibitisha madhara ya kiafya kwa wakazi yaliyosababishwa nayo moja kwa moja, ingawa mwaka 2018 serikali ya Japani ilikubali kifo cha mfanyakazi mmoja kwa saratani ya mapafu kuwa kilitokana na kazi hiyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni uhamishaji wenyewe. Zaidi ya watu 150,000 waliacha makazi yao, na zaidi ya wagonjwa 50 wa hospitali na wazee wa nyumba za kutunzia walifariki njiani au muda mfupi baadaye, wengine baada ya kukaa saa nyingi ndani ya mabasi bila matibabu, maji wala joto. Katika miaka iliyofuata, mkoa wa Fukushima ulihesabu vifo zaidi ya 2,000 vilivyohusishwa na maisha ya ukimbizi, kukatizwa matibabu na msongo wa mawazo.

Uganda haina bahari. Yanatuhusu vipi?

Tsunami haitufikii, lakini matetemeko tunayo: lile la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na Fort Portal ilitikiswa tena Februari 1994. Buyende iko mbali na bonde la ufa la magharibi, jambo ambalo ni heri, ila kinachohitaji kuulizwa kwa makini ni umeme wa akiba wa kupozea utawekwa wapi, na utadumu kwa muda gani gridi ikikatika.

Swali la pili ni la sekta ya afya, na halihitaji kusubiri mtambo ujengwe. Wahudumu wa afya wa vijiji, pamoja na mwenyekiti wa LC1, wanaweza kuandika majina ya wagonjwa wasioweza kutembea, wanaotumia dawa kila siku na wajawazito walio karibu kujifungua, wakionyesha nani atasafirishwa kwa chombo gani, kwenda kituo gani, na akiwa na dawa za siku ngapi. Orodha hiyo iwekwe katika daftari la karatasi, kwa kuwa tetemeko linaweza kuzima mitandao ya simu pia.